Msitu Ulioezeka Mombasa

Mwanafunzi aletwaye Mombasa kujifunza historia hupelekwa, mara nyingi, mahali pamoja tu, napo ni Ngome ya Yesu. Huonyeshwa kuta na mizinga. Huandika katika daftari lake kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na kwamba Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Kisha hupanda basi akarudi kwao. Siidharau ziara hiyo. Ngome ile ni jengo la ajabu, na mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini habari zake ni habari za wageni waliokuja kwa merikebu wakapigana na wageni wengine waliokuja kwa merikebu, na mwenyeji wa Mombasa huonekana humo kwa nadra, kama mtu apitaye nyuma ya watu wanaopigwa picha.

Upo ushahidi mwingine wa historia ya mji huu, nao hauhitaji tikiti. Umo katika nyumba za Mji wa Kale, hatua chache kutoka langoni mwa ngome ile ile. Ingia, kwa idhini ya wenyewe, katika nyumba mojawapo ya zile kongwe za mawe, upige hodi na kuitikiwa, ukae ukumbini, kisha uinue macho. Utaona dari iliyobebwa na miti iliyopangwa sambamba, mmoja kando ya mwenziwe, minene kama mkono wa baharia, mingine imechongwa na mingine imeachwa na mviringo wake. Miti hiyo ndiyo boriti. Juu yake yamelazwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe imeshindiliwa chokaa. Sasa upime chumba kwa hatua zako. Utakuta upana wake ni kiasi cha mita mbili na nusu, au tatu, lakini urefu wake umekwenda mbali zaidi. Nenda chumba cha pili, uende na nyumba ya pili. Katika nyumba za zamani hali ni hiyo hiyo.

Kwa nini vyumba vya Waswahili vilikuwa vyembamba na virefu? Wako watu waliolijibu swali hili kwa maneno mengi juu ya heshima, sitara na desturi za ndoa, na huenda maneno hayo yana kweli yake. Lakini jibu la kwanza ni jepesi kuliko hayo: boriti hazikuweza kufika mbali zaidi. Mti wa pwani unyookao vema, wenye nguvu ya kuchukua mawe na chokaa juu yake pasi na kupinda, una kikomo chake. Ukiutaka uvuke nafasi ya zaidi ya mita tatu hulemewa. Basi mti ndio uliotoa kipimo, na mwashi, na mwenye nyumba, na bibi arusi aliyeingizwa chumbani siku ya harusi yake, wote walikaa ndani ya kipimo hicho. Msitu ulikuwa ng'ambo ya maji; lakini ulitia mkono wake katika kila chumba cha mji.

Msitu huo bado upo, ingawa si kama ulivyokuwa, na mwanafunzi aweza kwenda kuutazama asubuhi akarudi kabla ya chakula cha mchana. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili kubwa. Ya kaskazini ni ile iitwayo Tudor, nayo huanzia baharini ikapita mbele ya Mji wa Kale na bandari yake ya majahazi; ya kusini ni ile ya Kilindini iendeleayo hadi Port Reitz. Maji ya hori hizi mbili hukaribiana Makupa, mahali ambapo barabara na reli zimevushwa juu ya tuta. Katika kingo za hori hizo, mahali maji ya chumvi yanapofika kila siku na kuondoka kila siku, ndipo ilipoota miti tunayoiita kwa jina moja mikoko, ijapokuwa mkoko wenyewe ni mmoja tu katika jamaa kubwa. Ukitoka Mji wa Kale waweza kupanda matatu kupitia Makupa hadi Mikindani, ama kuvuka daraja la Nyali hadi Mishomoroni, kisha ukauliza njia ya kuteremkia pwani. Magari yasiposongamana, safari haizidi muda wa kipindi kimoja cha masomo.

Mwalimu mwenye busara hutazama mwezi kabla ya kutazama ratiba ya shule. Siku za maji mafu hakuna kubwa la kuonekana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hapa Mombasa hupanda na kushuka kwa tofauti ifikayo karibu mita nne, na maji hupwa sana kabla ya adhuhuri. Hapo matope huachwa wazi, na darasa huweza kuingia. Viatu viachwe juu. Na asiyetaka kuchafua nguo zake abaki shuleni asome ramani.

Mtu akiingia mikokoni kwa mara ya kwanza huona miti tu. Akitulia kidogo huona kwamba imejipanga. Mbele kabisa, kuelekea maji, husimama mililana, ambayo hustahimili kuzamishwa kuliko mingine. Nyuma yake huja mikoko yenyewe, yenye mizizi mirefu itokayo shinani na kupinda hadi matopeni mfano wa miguu ya kaa mkubwa. Pamoja nayo muia. Kisha mikandaa, mifupi na iliyosongamana. Na karibu na nchi kavu michu, ambayo mizizi yake hutokeza juu ya matope kama penseli elfu zilizochomekwa kwa kichwa, ili ipate pumzi. Mkomafi nao hupatikana hapa na pale, na tunda lake la mviringo lililo kubwa kama dafu changa. Kenya nzima ina aina tisa za miti ya namna hii. Lamba jani la mchu, utaonja chumvi: mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa njia ya majani. Tazama mbegu ya mkoko, utaona kwamba haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ingali imening'inia kwa mama yake, ikarefuka mithili ya mshumaa wa kijani, na ikianguka wakati wa maji kupwa huweza kuchoma matope ikasimama papo hapo.

Mwalimu wa sayansi atapenda kukaa hapo siku nzima, akionyesha kaa wanaoburura majani hadi mashimoni mwao, na chaza walioshika mizizi, na yule samaki mdogo mwenye macho ya juu atokaye majini akatambaa matopeni kama mjusi. Ataeleza jinsi kamba na samaki wengi wa baharini wanavyolelewa utotoni mwao katikati ya mizizi hiyo. Haki yake. Lakini mwalimu wa historia asimwachie uwanja wote, maana kila mti uliotajwa una kazi yake katika maisha ya mji, na fundi wa zamani aliyeingia msituni hakuona miti bali aliona bidhaa. Mlilana alikuwa akiutazama kwa jicho la mwunda vyombo, akitafuta tawi lililojipinda lenyewe ili awe na taruma la mashua lisilohitaji kuchongwa sana. Mkomafi ulikuwa mti wa seremala. Magome ya mkoko na mkandaa yalitoa rangi nyekundu na dawa ya kulainisha ngozi. Kuni za mikoko, kwa kuwa zawaka kwa moto mkali, zilitumika kuchomea matumbawe yakawa chokaa. Na hivyo hata ukuta wa nyumba, ambao hauna mti ndani yake, ulitokana na msitu.

Na fito za kujengea zilikuwa na elimu yake. Miti iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ilipangwa kwa unene wake: nyembamba kabisa ni fito, zikifuata pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na juu ya hizo vigingi na banaa. Boriti ya haki ilikuwa na unene wa sentimita kama 12 hadi 14. Mwanafunzi akiyajifunza majina hayo darasani atayasahau kabla ya jioni. Akipewa uzi na rula, akaambiwa apime miti 20 iliyosimama na kuiandika kila mmoja kwa jina lake la sokoni, hatayasahau. Nimeona jambo hili likifanywa na walimu vijana wakati wa mazoezi yao, na kitu kilichowashangaza wanafunzi wao ni jinsi pau zilivyokuwa nyingi na boriti zilivyokuwa chache. Nitarudi kwa hilo.

Biashara ya miti hii ni ya kale mno. Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari iliyokuwa pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, nayo ndiyo pwani yetu. Nchi za Ghuba hazina misitu ya kujengea. Zina mitende, lakini mtende si mti wa kutegemea dari ya ghorofa. Kwa hiyo jahazi lililoshuka kwa upepo wa kaskazi likiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia lilirudi kwa upepo wa kusi likiwa limejaa miti. Na katika miji ya Kuwait na Bahrain, watu walilala chini ya boriti za Afrika ya Mashariki, ambazo huko waliziita chandali, katika vyumba vyembamba kama vyetu na kwa sababu ile ile. Hili ni jambo ambalo vitabu vya shule havilitilii nguvu ya kutosha. Hufundisha pembe, watumwa na dhahabu, na ni sawa vifundishe. Lakini bidhaa hizo zilikuwa anasa ama dhuluma, na boriti ilikuwa haja ya kila siku.

Mombasa yenyewe ilianza na mti kabla ya jiwe. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alilala hapa usiku mmoja katika mwaka wa 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki walikula ndizi na samaki, kwamba walikuwa na ndimu na mabalungi, kwamba nafaka zao zililetwa kutoka bara, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Hakutaja mbao hizo ni za mti gani. Miaka 174 baadaye, Agosti 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliushambulia mji na kuuteketeza. Na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara huo, aliacha maelezo ya mji wenye majumba ya mawe ya ghorofa, na katikati ya majumba hayo mabanda ya miti na makuti ambayo ndiyo yaliyoupa moto njia. Mji wa 1331 na mji wa 1505 ni mji mmoja. Kilichobadilika ni kwamba jiwe limepanda juu. Lakini hakuna jiwe lililopanda pasi na boriti za kulibeba.

Katika mwaka wa 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alijiunga na jahazi la Kuwait akasafiri nalo hadi pwani yetu, na mwaka uliofuata akashuhudia mabaharia wakitaabika katika matope ya delta ya Rufiji ili kupata shehena ya miti ya kurudi nayo kwao. Sehemu kubwa ya boriti za ng'ambo ilitoka huko Rufiji na katika visiwa vya Lamu. Lamu mpaka leo ndiko kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Kenya, zaidi ya nusu ya hekta elfu 61 ambazo nchi nzima inazo. Hori za Mombasa zilikuwa ndogo, nazo zilikuwa zaidi ghala ya mji wenyewe: za kujengea, za kupikia na za kuchomea chokaa.

Ni nani aliyekuwa mwenye msitu? Swali hili ni zito, na wanafunzi huliuliza daima. Tangu mwaka wa 1895 ukanda wa pwani wa maili 10 ulitawaliwa na Waingereza, ingawa bendera iliyopepea ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar ambaye alilipwa kodi kwa ajili yake. Na mambo yalikuwa hivyo mpaka Desemba 1963. Ndani ya kipindi hicho, katika mwaka wa 1932, serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba mikoko yote ya pwani ni msitu wa hifadhi wa serikali. Serikali ya Kenya huru ililithibitisha tangazo hilo mwaka wa 1964. Basi, kwa mujibu wa sheria, matope yale ya Mikindani ambayo mpita njia huyaona kama jaa lisilo na mwenyewe ni msitu wa umma kwa karibu karne nzima sasa, sawa na msitu wo wote wenye ukingo wa seng'enge na askari mlangoni. Mwaka wa 1982 serikali ilikataza kuuza boriti nchi za nje. Na Februari 2018 ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma na ya jamii.

Kwa kweli, wakati wa katazo la 1982, biashara ya ng'ambo ilikwisha dhoofika yenyewe. Mafuta yalikuwa yamepatikana katika Ghuba, na pamoja na mafuta fedha, na pamoja na fedha chuma na saruji. Aliyeweza kujenga ukumbi wa mita 10 kwa zege hakuwa na haja ya kungoja kusi. Hapa kwetu pia kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954, na katika muda wa kizazi kimoja fundi wa chokaa na boriti akawa mzee anayeulizwa habari za zamani. (Machimbo ya kiwanda hicho yana hadithi yake nzuri. Kuanzia mwaka wa 1971 René Haller, Mswisi, alipanda humo mivinje juu ya mwamba mtupu, akaleta jongoo wa kuyavunjavunja majani yake makavu mpaka yakawa udongo, na tangu 1984 watu huingia kutazama wanyama. Shule nyingi huenda huko, nami nasema ziende. Lakini ule ni msitu uliopandwa na watu tuwajuao, wenye lango na bei. Mikoko haina lango.)

Mtu angedhani kwamba saruji ingeipumzisha mikoko. Haikuwa hivyo. Maadui wapya hawakutaka boriti; walitaka mahali. Bandari ya Kilindini ilipanuka, na reli iliyoanzishwa mwaka wa 1896 ilivuta watu na mali kutoka bara. Mwaka wa 1988 tangi la mafuta karibu na bandari lilitoboka, na mafuta yaliyomwagika yakaua mikoko ya hori ya Makupa. Mafuta yamfunika mkoko pumzi: tundu ndogo zilizo katika mizizi yake huzibika, na mti hufa ukiwa umesimama. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kutoka mashamba ya bara, ukaizika mizizi ya miti ya Mwache, ndani kabisa ya Port Reitz. Maji machafu ya mji nayo hutiririka horini bila haya. Wilaya iliyokuwa kisiwa na vijiji vyake imekuwa kaunti yenye watu 1,208,333 kwa hesabu ya mwaka wa 2019. Na baadhi yao hupika kwa kuni au makaa.

Watafiti walipolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, walikuta kwamba kati ya mwaka wa 1992 na 2009 hori ya Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na Mwache karibu nusu. Nawaomba wasomaji wasiipite sentensi hiyo kwa haraka. Karne 10 za majahazi, na kuta, na chokaa, na Wareno na Waarabu, hazikuumaliza msitu wa Tudor. Miaka 17 ya jirani zake ilikaribia kuumaliza.

Je, tuwalaumu jirani hao? Wanafunzi wa mjini hulaumu upesi. Wengine hutaka mkata kuni atiwe ndani. Lakini mwende mkazungumze naye, na hiyo pia ni elimu ya nje ya darasa. Mama akaaye ukingoni mwa hori katika nyumba ya mabati hakuwapo katika biashara ya Siraf wala ya Kuwait. Hakupata faida ya korija hata moja. Anakata tawi la mchu kwa sababu jioni imefika na sufuria haina moto. Tena mara nyingi ni huyo huyo, akiwa na wenziwe, anayeingia matopeni Jumamosi kupanda miche, maana vikundi vya wenyeji vya kupanda mikoko vimezuka pande zote za Tudor, na mvuvi anajua kabla ya mtaalamu kwamba kamba wamepungua. Kule Gazi, katika kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita kama 50 kusini ya Mombasa, kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya matope ili wageni na wanafunzi wapite katikati ya msitu bila kuzama, na ada inayotozwa husaidia mahitaji ya kijiji. Huko huko Gazi ndiko ulikoanzishwa mwaka wa 2013 mpango uitwao Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya ukaa inayofungiwa na miti, na mapato yake yamenunua vitabu vya shule na kuleta maji. Mti ambao zamani ulikuwa na bei baada ya kukatwa tu sasa umepata bei ukiwa umesimama. Jambo hili ni geni katika historia yetu, na sijui mzee wa Ndia Kuu wa mwaka wa 1900 angelielezwaje akaliamini.

Turudi sasa mjini. Mwenye nyumba ya kale katika Mji wa Kale ana taabu yake, na taabu hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Boriti ni ngumu, na mchwa huziogopa kuliko miti mingine, lakini hakuna mti usiooza pale ambapo maji ya mvua yameingia. Boriti moja ikioza, ya pili yake huchukua uzito wa mbili. Ikichoka hiyo, dari yote iko hatarini. Wahifadhi wa mambo ya kale humtaka atengeneze nyumba yake kama ilivyokuwa, kwa chokaa na boriti. Walinzi wa misitu humtaka asiguse mkoko. Wote wawili wana haki, na wote wawili husema kwa jina la urithi. Naye mwenye nyumba, akiwa na wapangaji watatu na fedha kidogo, hutafuta boriti zitokazo Lamu kwa kibali na kwa bei kubwa, ama humwita fundi wa zege, na dari ya miaka 150 hushushwa kwa siku mbili. Boriti kuukuu huuzwa kwa watengeneza samani.

Nimesema wanafunzi wale walipopima miti walishangaa kuona pau nyingi na boriti chache. Sababu ni kwamba msitu uliobaki Tudor, mahali pengi, ni mchanga. Miti mikubwa na iliyonyooka ilichaguliwa kwanza, kama inavyochaguliwa daima, na iliyoachwa ni ile iliyopinda, pamoja na watoto. Mkoko hauna haraka. Pale Gazi watafiti waliipima mikoko iliyokuwa imepandwa kwa mkono na kutunzwa vema kwa muda wa miaka 12. Walikuta kimo chake kimepita mita 8, lakini unene wake, kwa wastani, ulikuwa sentimita 6 na kitu. Katika lugha ya sokoni hiyo ni pau. Mwanafunzi wa miaka 15 atakayechomeka mche matopeni mwaka huu atakuwa na miaka 27 mti wake utakapofikia hapo, na kutoka pau hadi boriti iko mazio katikati.